Alama ya Ng'amua

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Siku ile zilikuwa mlangoni kabisa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: saa kumi jioni msaili wa kampuni angenipigia simu ya video, aone kama nimeweza kusimika mfumo mpya wa JavaScript, ule wa kutengenezea kurasa za tovuti, na kuwasha ukurasa mmoja tu. Ukiwaka, nina ajira. Usipowaka, narudi kwenye vibarua vya kubembelezana, na vibarua vilishanichosha. Na kompyuta yangu, kwa bahati zangu hizi, mwanangu alikuwa ameimwagia chai asubuhi.

Ndiyo nikakimbilia kwa wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Alinipa kompyuta ya marehemu, akarudi kwenye cherehani yake pale dirishani.

"Tumia, wifi. Ila usiniharibie kitu."

Nilipoiwasha ikaandika: Karibu, Ng'amua. Ndilo jina tulilompa kaka nyumbani, maana fumbo lolote yeye alikuwa wa kwanza kuling'amua.

Nikaanza kupakua. "Wifi, wifi yako inasuasua."

"Anayesuasua ni mimi au mtandao?"

Nilicheka, kisha sikucheka tena. Usimikaji ulifika katikati ukakwama, kioo kikajaa maandishi mekundu. Nikarudia, ukakwama palepale. Nikafuta vyote nikaanza upya, huku nikimlaani aliyeutengeneza mfumo ule na ukoo wake mzima. Saa ilikuwa inanikimbia, vidole vinagonga herufi nisizozitaka. Niliogopa, nasema kweli.

Mwishowe nikaacha kulaani, nikasoma. Mfumo ulilalamika kwamba hauioni folda iitwayo Ng. Ng basi, hakuna zaidi. Folda ilibeba jina la mwenye kompyuta, na mfumo ulipofika kwenye ile alama baada ya g ukadhani jina limeishia hapo. Waliouunda hawajawahi kuandika ng'ombe wala ng'ambo, wangejuaje.

"Wifi, naiondoa alama kwenye jina lake."

Cherehani ikanyamaza. "Liwe nani?"

"Ngamua. Bila alama."

Akalitamka polepole, mara mbili, kama anayeonja mchuzi wa mtu mwingine. "Huyo simjui. Usiliguse."

"Ni alama tu, jamani. Kazi yangu inakwenda hivi hivi naiona."

"Kila asubuhi naifungua nilione jina lake. Usiliguse, nimesema."

"Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako."

Neno likishatoka halirudi. Wifi aliinamia kitambaa chake, akaendelea kushona. Nikaona aibu hadi masikioni, lakini saa haimsubiri mwenye aibu.

Nikafungua akaunti nyingine ya kompyuta pembeni ya ile ya kaka, nikaipa jina langu lisilo na alama. La kaka sikuligusa. Maana yake nipakue kila kitu upya, kwa mtandao uleule wa kujikongoja. Simu ikaita usimikaji haujaisha.

"Tuone," msaili akasema, hata salamu hakuna.

"Nipe dakika moja."

"Moja."

Nilihesabu pumzi zangu. Usimikaji ukaisha. Nikauwasha, ukurasa ukafunguka mtupu, unasubiri maneno yangu ya kwanza. Ningeweza kuandika lolote. Niliandika Karibu, Ng'amua, nikayafunga kwa alama za kunukuu mbilimbili, kwa sababu ningeyafunga kwa mojamoja, ambayo ni alama ileile ya kwenye jina, jina lingekatika tena palepale. Nikaigeuzia simu kwenye kioo.

Yalitokea mazima.

"Umewaka," msaili akasema. "Jumatatu njoo uanze." Kisha akasogea karibu na kamera. "Ng'amua ndiye nani?"

Nilifungua mdomo niseme ni mume wa wifi yangu. Nilitaka kumrudishia wifi mtu wake. Kumbe mwenyewe alikuwa ameshasimama nyuma yangu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, anasoma.

"Kaka yake," akasema.