Lozi Zilizochipua

Mahfoudh muuza lozi alimpenda Bi Khole kama mama yake mzazi. Ndiyo maana aliinama chini ya meza ya duka lake, pale Seeb, akamtolea mfuko wa lozi mbichi asioutoa kwa kila mtu. Rafu zote nyuma yake zilijaa paketi zenye muhuri, maana amri mpya ilikataza kuuza lozi mbichi ambazo hazijapigwa mvuke kuua vijidudu.

"Lakini chukua hizi za mvuke, Bi Khole. Mkweo aliyejifungua atakula kwa salama."

"Hizo zishakufa, mwanangu. Nikitaka maiti ntakwenda makaburini."

Mahfoudh alicheka, ila alitupa jicho mlangoni kabla ya kuuachia mfuko. "Basi walau zikaange."

"Mtu mzima mie, nichaguliwe mpaka lozi! Nipe huko."

Hakutaka kulipwa. Alisema ni zawadi ya mtoto, akamchukulia mfuko mpaka garini.

Nyumbani Al Khoudh, Shurooq, mke wa mwanawe Yaqdhan, alikuwa ndani ya arobaini ya mtoto wake wa kwanza, msichana waliyemwita Reem. Katika ukoo wa Bi Khole, tangu walipokuwa Unguja kabla ya kuhamia huku, mzazi hupewa maziwa ya lozi kila asubuhi, na lozi hizo hazioni moto. Kwanza hufungwa katika kitambaa kibichi mpaka zichipue. Isiyochipua hutupwa, kwani haina uhai wa kumpa mtu.

Bi Khole akazifunga, akaziweka juu ya kabati la jikoni, ambako baridi ya kiyoyozi haifiki. Kila akipita alinyunyiza maji. Kitambaa kikaanza kunata. Kikatoa harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa chomboni, naye akajiambia kuwa uhai ndivyo unavyonuka. Alipokifungua, vijimea vyeupe vilikuwa vimejitokeza, vidogo kama meno ya mtoto.

"Unaona?" aliziambia lozi, kwani jikoni hamkuwa na mtu. "Wangekuueni bure."

Alizimenya, akazisaga kwa jiwe, akachanganya na maziwa, asali na hiliki. Shurooq alikinusa kikombe, uso ukamkunjika.

"Mama, si walisema siku hizi lozi zote zinapigwa mvuke? Mbona hizi zimeota?"

"Kunywa, mwanangu. Reem anasubiri."

Shurooq akajibana pua kwa vidole kama mtoto anayepewa dawa. "Nikiota matawi, Yaqdhan ndiye atakayenimwagilia, mie simo."

Wakacheka wote wawili. Kisha akaiona mikono ya mkwewe, ilivyokuwa imeiva kwa kusaga, akakimaliza kikombe mpaka tone la mwisho. Akafanya hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi akamwambia ahsante.

Siku ambayo simu ililia, Bi Khole alikuwa amempakata Reem sebuleni. Mtoto alikuwa ametulia tangu adhuhuri. Hakulia hata kutaka ziwa, na bibi yake alikuwa akimsifu: mjukuu wangu mpole huyu, hana taabu na mtu.

"Bi Khole, ule mfuko utupe." Sauti ya Mahfoudh ilikuwa imekauka. "Nimempa na jirani yangu katika zile zile. Amelazwa yeye na mumewe. Nisamehe, mama. Hamjazila, eti?"

Kabla hajajibu, alisikia mlango wa choo ukibamizwa kwa pupa, kisha Shurooq akitapika. Ndipo akakumbuka kuwa mlango ule ulikuwa ukifunguliwa na kufungwa tangu asubuhi, naye hakuuliza.

Hospitalini, Shurooq alilazwa akitetemeka chini ya mablanketi. Daktari Ibtihal aliinama karibu yake. "Umekula nini siku hizi?"

"Lozi mbichi, daktari." Midomo ilikuwa imempasuka. "Nilimwomba mama anitafutie. Mie mwenyewe nnazipenda."

Yaqdhan alikuwa amesimama palepale. Akamgeukia mkewe kwa mshangao, na Bi Khole akaelewa kuwa mlango wa kutokea umefunguliwa kwa ajili yake, na aliyeufungua ni mtu asiyeweza hata kuinua kichwa. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Kunyamaza alikuwa keshakuzoea.

"Usiniongopee kwa wema, mwanangu," alisema. "Hakuomba, daktari. Aliniuliza nami sikumjibu. Nilikasirika kuchaguliwa, kisha nikamchagulia yeye bila ya kumwambia."

Akaeleza yote: kitambaa, maji, kabati, joto. Daktari alikuwa akiandika, lakini aliposikia habari ya joto kalamu ilisimama.

"Siku kadhaa? Palepale kwenye joto?"

"Mpaka zilipochipua."

"Kinachoziotesha lozi huviotesha na vijidudu, bibi." Alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma Bi Khole kuliko kama angefokewa. Kisha macho ya daktari yakashuka mapajani mwa Bi Khole, alipolala Reem. "Na mtoto? Ananyonya kwa mama yake?"

"Ananyonya. Leo tu ndiyo hakutaka. Katulia, hata halii."

Daktari akampungia nesi mkono. Nesi alikuja haraka, akamchukua Reem kutoka mikononi mwa bibi yake, akamfungua nguo na kumwekea kipimo cha homa kwapani. Akakisoma. Akakifuta, akakiweka tena, na safari hii akamwita daktari kwa macho.