Pale Alipochoka Mpagazi

Siku ya tatu jeneza lilikuwa bado juu ya viti viwili sebuleni, na harufu ilishawatoa nje hata ndugu wa damu. Kaburi lilikuwa wazi, hatua thelathini tu kutoka mlangoni, ubavuni mwa kaburi la mama wa marehemu. Ila katikati palikuwa na jiwe la mpaka, na kwenye jiwe hilo walikaa askari wa nchi ya pili.

"Pole na msiba, mama," alisema mkubwa wao bila kuinuka. "Maiti haivuki bila kibali cha makao makuu."

"Afande, mume wangu kazaliwa hapo ulipokanyaga."

"Ramani haijui hilo."

Mtendaji wa upande huu naye alishanawa mikono: watu wa mlimani hawamo kwenye daftari lake. Basi mjane akaona aseme ukweli. Ee, ukweli! Akasimulia kile ambacho marehemu alikisimulia kwa kicheko kila mvua ilipowafungia ndani. Baba mkwe alikuwa mpagazi wa mzungu mpimaji wa mipaka. Jiwe lilitakiwa lifike kileleni, nyumba na makaburi yote yawe nchi moja. Mvua ikawapiga, viboko vikawachana migongo, wapagazi wakalitua hapa. Wakamwambia bwana, tumefika. Bwana alikuwa hemani na chai yake, nje ukungu mtupu. Akaandika, akahama.

"Kwa hiyo jiwe hili si mahali pake, afande. Mzee alichoka tu."

Afande akatoa kalamu. "Rudia hapo."

Akarudia, tena kwa moyo mweupe, akidhani sasa anasikilizwa. Wakamshika mkono, wakamchovya kidole gumba kwenye wino, akaweka alama.

"Familia yenu ilihamisha mpaka wa taifa."

"Kuhamisha? Baba, nimesema kuchoka!"

"Mkubwa wa ukoo sasa ni nani?"

Shemeji yake, aliyelichimba kaburi, alivua kofia. "Ni mimi, afande. Kaka ndiye huyo mnayemzuia."

Wakamtia pingu. Kisha mmoja akakumbuka shimo limechimbwa nchini mwao bila ruhusa, wakamfungua, wakampa sepetu yake alifukie. Akafukia huku analia waziwazi, mtu mzima na mvi zake. Mjane alikuwa amekimbilia sebuleni, amejitupa juu ya jeneza, akipiga kelele wasubiri, mwenye kaburi bado yuko ndani. Afande akaushindilia udongo kwa buti mpaka ukawa sawa.