Mpira Kwenye Rafu ya Bwana Haigh

Jumanne asubuhi Clifford Sugden alikwenda kwenye bucha ya Haigh kununua maini. Akina mama walikuwa wamepanga foleni mpaka mlangoni, naye akakaa nyuma yao kusubiri zamu yake, kwani mji wa Aldersyke haumrushi mtu foleni hata kama ndiye kiungo wa timu ya mji. Mpira wa mechi ya Jumamosi ulikuwa juu ya rafu, kati ya pai za nyama ya nguruwe na mtungi wa vitunguu vya siki. Ulikuwa umekwisha tiwa saini na wachezaji wote, na ulikuwa ukizungumza kwa sauti ya Clifford.

"Basi baba akaishika baiskeli kwa nyuma," mpira ulisema, "akaniambia nisigeuke. Nilipogeuka nikamwona yuko kule mbali, mikono mfukoni, anacheka."

"Mpira umeanza kusema lini?" Clifford akauliza zamu yake ilipofika.

"Jumamosi ileile, hata sijaufikisha nyumbani," alisema Bwana Haigh, akipangusa kisu. "Mke wangu kaupenda kweli. Anasema baba yako alikuwa na roho nzuri. Maini kama kawaida?"

"Kama kawaida."

"Una bahati wewe," mama mmoja mwenye kitambaa kichwani akamwambia. "Mie baiskeli nilifundishwa kwa makofi."

Wote wakacheka, na Clifford akacheka nao. Kisha akajaribu kumkumbuka baba yake akiwa ameshika ile baiskeli, na hakuona kitu. Kuendesha alijua. Aliyemfundisha ndiye aliyekuwa ametoweka, na habari ile aliisikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za jirani. Alitoka nje na maini yake. Aliogopa sana.

Jambo lenyewe halikuwa geni Aldersyke. Kila mechi ya nyumbani mfanyabiashara mmoja wa mji hulipia mpira, jina lake hutangazwa kwenye vipaza sauti, na mechi ikiisha mpira huwa wake. Kabla ya Clifford, jezi namba nne ilivaliwa na Wilf Barraclough, bingwa wa kupiga mpira kwa kichwa, na mipira yake ilikuwa imetapakaa mji mzima. Uliokuwa kwa kinyozi ulisimulia harusi ya dada yake. Uliokuwa kwa muuza samaki ulifunikwa taulo, kwa kuwa ulisimulia fungate. Wilf mwenyewe alisimama kila Jumamosi kwenye mlango wa wachezaji, koti limefungwa vifungo vyote na mkono wa mtu mwingine, akiwashika watu mikono.

"Kocha kasemaje?" aliuliza. "Mie nacheza leo?"

"Leo unapumzika, Wilf," walimjibu.

Wachezaji walikuwa wakimgusa bega ili wapate bahati. Clifford naye alikuwa akimgusa, mpaka ile Jumanne ya maini. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji, ila hawakusema ufanye nini kama kunyolewa ndiyo kazi inayokulisha.

Siku hiyohiyo baada ya mazoezi alimfuata kocha Ormerod chini ya jukwaa. Mpira ulikuwa umening'inizwa kwa kamba kwenye boriti, na wachezaji walikuwa wakiruka mmoja mmoja kuupiga kwa kichwa.

"Kocha, niache niwe nautuliza kwa kifua."

"Kifua? Mpira unatoka kwa kipa wao unashuka kama tofali, wewe unanambia kifua? Ukitua tu wameshakunyang'anya. Kichwa, Cliff. Kichwa."

"Mpira unaondoka na vitu vya kichwani mwangu."

"Najua unaondoka na vitu, nani asiyejua? Sisi nyumbani tuna mmoja wa Wilf, tunausikiliza Krismasi." Ormerod akamtazama. "Mkataba wako si unaisha Mei?"

"Unaisha Mei."

"Haya basi."

Daktari wa timu naye alimmulika masikioni kwa tochi, akasema yuko fiti.

Mkewe Noreen ndiye aliyelifikiria jambo hilo kwa utulivu. Alimuuliza alikuwa ameona nini njiani kwenda uwanjani Jumamosi ile. Clifford akasema alikuwa ameona mtoto akiyumba na baiskeli.

"Ndiyo hivyo," alisema Noreen. "Mpira unachukua kilicho juu akilini. Kama makoti kwenye msumari, mtu huchukua la juu. Basi tutaweka takataka juu."

Kuanzia hapo, kila Ijumaa jioni Noreen alikaa jikoni akamsomea matangazo ya magazeti: makochi ya bei poa, dawa ya upara, na ratiba ya treni za kwenda Goole. Clifford alivikariri vyote kama mtoto wa shule. Jumamosi mpira ulipopanda juu alisema kimoyomoyo, "Saa nne na dakika tano, Goole, kupitia Selby," akaruka, akaupiga. Mbinu ilifanya kazi. Muuza rangi aliyelipia mpira wa wiki ile alikwenda kulalamika ofisini kwa timu kwamba wenzake wanapewa harusi na fungate, yeye kapewa treni, tena za ratiba iliyokwisha badilishwa.

"Shukuru," Haigh alimtania. "Wewe angalau hukosi usafiri."

Lakini hofu haikumtoka Clifford. Alikuwa na binti wa miaka sita, Gaynor, mtoto wa maneno mengi ambaye soksi zake hazikai juu. Ijumaa alipompandia magotini, Clifford alitazama taa. Asubuhi ya Jumamosi alikunywa chai amegeukia dirisha, naye Noreen akamtoa mtoto kwa mlango wa nyuma. Alimpenda mpaka akawa hathubutu kumwangalia, na aliona aibu kwa hilo.

Mechi ya mwisho ilikuwa Mei, mvua inanyesha. Timu ambayo ingefungwa ingeshuka daraja. Ni desturi mtoto mmoja avae jezi ya timu na kuingia uwanjani na wachezaji, na siku hiyo Ormerod, kwa wema kabisa, alikuwa amemchagua Gaynor. Noreen alipopata habari, mtoto alikwisha vishwa jezi.

"Kocha, si leo," alisema. "Mwaka ujao, nakuomba."

"Ni heshima hiyo, mama," alisema Ormerod. "Watu wanaililia."

Wakatoka. Gaynor alimshika baba yake mkono na kusema njia nzima.

"Baba, soksi zinateremka."

Clifford akainama mbele ya watu wote, akampandishia soksi, ya kushoto kisha ya kulia.

Alicheza vizuri. Aliupa mpira Goole, akaupa dawa ya upara, akaupa makochi. Mpira wa ngozi ulikunywa mvua ukawa mzito, na kila ulipomgonga aliona weupe, kisha akajipapasa akilini: Noreen yupo, mtoto yupo, nyumba ipo. Karibu na mwisho wageni wakapata kona. Kipa Moffat akatoka, akaukosa. Clifford alikuwa amesimama kwenye mstari wa goli, peke yake, na mpira ulikuwa unamjia. Akaanza, "Saa nne na dakika—" na kwa pembe ya jicho akamwona Gaynor kando ya benchi, ameinama, anahangaika na soksi.

Akaruka. Mpira ukapita juu ya mwamba. Aldersyke haikushuka daraja.

Aliyelipia mpira siku hiyo alikuwa Haigh tena. Ulianza kusema hata kabla haujapanguswa matope, wachezaji wakiupitisha mkono kwa mkono na kalamu: "Alizaliwa Jumatano, theluji inaanguka. Mkunga akanipa, nikaogopa kumshika, nikamshika." Clifford akatia saini yake. Aliona ni habari nzuri. Kitu kikamvuta kaptura, akatazama chini.

"Huyu wa nani?" akamuuliza Moffat.

"Wako, Cliff."

"Ahaa," alisema Clifford, akampa mtoto mkono, na Gaynor akaupokea.

Ormerod alimwongezea mkataba wa miaka miwili kwa ajili ya kichwa kile. Noreen alikwenda kwa Haigh kuuomba mpira, na Haigh, ambaye si mtu mbaya, alisema ameulipia kihalali na wateja wameshauzoea. Lakini aliweka kigoda chini ya rafu ili mtoto apite kusikiliza akitoka shule, na akawa anampa kipande cha nyama ya nguruwe. Nyumbani, Noreen aliiteremsha picha ya harusi. Siku za Ijumaa akaanza kulala kwa dada yake, ili asubuhi ya mechi asiwe yeye aliye juu. Matangazo aliyaandika akayaacha mezani.

Septemba, Clifford aliingia buchani kununua maini. Msichana mdogo alikuwa ameketi kwenye kigoda, anatafuna, uso ameinua kwenye rafu. Mpira ulikuwa umefika penye theluji. Clifford akavua kofia, akasikiliza mpaka mwisho pamoja na wateja wengine.

"Baba wa mtoto huyo alimpenda sana," alisema.

"Ndiye wewe, Cliff," alisema Haigh.

"Ndivyo ninavyoambiwa. Maini kama kawaida." Akamgeukia msichana. Walikuwa wakiishi nyumba moja, na Noreen alikuwa amemweleza ni nani, na alikuwa amekubali, kama mtu anavyokubali jina la mji asioujua. "Unakwenda nyumbani? Twende, mimi pia naelekea huko."

"Ndiyo," alisema Gaynor.

Soksi yake moja ilikuwa kifundoni. Clifford aliinama akaipandisha, kwa kuwa ni jambo ambalo mtu yeyote angemfanyia mtoto wa mtu, kisha wakashikana mikono wakatoka. Njia ya nyumbani hupita ubavuni mwa uwanja. Chini ya jukwaa mpira ulikuwa unaning'inia kwenye kamba yake, na vijana wapya wa timu walikuwa wamepanga foleni mbele yake. Kishindo kilisikika, kikatulia, kikasikika tena.

"Unasikia?" Clifford akamwambia kwa fahari. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Gaynor akamvuta mkono wavuke, watembee upande wa pili wa barabara.