Mkono Usiovimba

Siku ya tatu niliweka rula kwenye mkono wa yaya Clovis, kaka yangu mkubwa, pale nilipomchoma ile sindano ndogo ya kupimia kifua kikuu. Ngozi ilikuwa bapa. Nilipapasa mara mbili.

"Zero," nilisema, nikaandika.

Mama alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia. Kabla sijafunga daftari alikwisha kutoa chumbani kwake mkeka wa Esther-Divine, binti wa yaya.

"Leo mutoto atalala kwa baba yake! Na wewe Laura, na masomo yako ya Kindu, ulitutisha bure."

"Mumuache, mama," yaya alisema. "Ni daktari wetu wa rula." Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi kile kile alichorudi nacho kutoka machimbo ya Salamabila. Kwa miezi miwili hakuwa amembeba binti yake wa miaka miwili. Alikula peke yake nyuma ya nyumba, ingawa niliwaambia kuwa sahani haina kosa, ni pumzi. Na kwetu Kabambare, anayekula peke yake ni kama amefukuzwa.

Nilipaswa kusema jambo. Nilikaa nikitazama mifupa ya bega lake. Sikusikia huzuni wala woga. Nilikuwa kama mkono ule.

"Yaya," nilisema mwishowe. "Shimo likiporomoka, walio ndani wanafanya nini?"

"Wanagonga jiwe. Sisi wa juu tukisikia, tunakimbia na koleo."

"Na kukiwa kimya?"

"Kimya ni kibaya, Laura. Kimya maana yake..." Aliutazama mkono wake.

"Damu nayo iko vile," nilisema. "Chembe nyeupe zikikuta mududu wa kifua kikuu, zinatuma ujumbe ndani ya damu. Zingine zinakuja, ndipo ngozi inavimba. Lakini mutu akikonda sana, akiugua sana, zinachoka. Hazigongi tena. Zero yangu haisemi hauna ugonjwa. Nilipaswa kusema hivyo mapema, nikanyamaza. Sasa tupime makohozi."

"Kwa hiyo vigelegele vyangu?" mama aliuliza.

Esther-Divine alikuwa ameshaona mkeka wake mlangoni. Alimkimbilia baba yake, mikono juu. Yaya aligeuza uso pembeni na kunyoosha kiganja, akamzuia kifuani bila kumsukuma.

"Rudi kwa koko wako."

Mtoto alidhani ni mchezo, akajaribu tena. Kiganja hakikuondoka. Mama, koko yaani bibi yake, alikuja akamwinua, kisha akaukunja mkeka kwa mkono mmoja na kuurudisha chumbani kwake, bila kunitazama.

"Nikohoe wapi?" yaya aliuliza.

Nilimpa kikopo chenye kifuniko, nikampeleka nje kwenye upepo. Chini ya ile zero niliandika: makohozi, yapelekwe Kasongo kupimwa, kwa pikipiki ya kesho. Mwandiko ulitoka mzuri, umenyooka.