Mgonjwa wa Saa Moja na Nusu

Daftari la maombi nilikabidhiwa mimi baada ya mwaka mmoja na nusu wa masomo ya jioni. Wenzangu wa kikundi cha maombi cha kina mama wamesoma tangu utotoni, lakini mwandiko wao, Mungu awasamehe, ni kama kuku amepita kwenye majivu. Mimi niliyeshika kalamu nikiwa na miaka hamsini na miwili naandika pole pole, herufi moja moja, na kila mtu anasoma. Siku Mama Mwenyekiti aliponipa lile daftari lenye jalada la kijani, nilinawa mikono kabla ya kulifungua.

"Sharti ni moja," aliniambia. "Daftari hili halipokei uvumi. Utakayemwandika awe mtu kweli, na shida yake iwe ya kweli. Siku ukiniandikia porojo, linarudi kwangu."

Nilimjibu kwamba nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa. Tatizo lilianzia kazini.

Kazini kwetu ni chumba kimoja kirefu chenye cherehani sita, tunashona sare za shule. Mkataji husimama kwenye meza kubwa karibu na mlango. Mpiga Pasi yuko pembeni na mvuke wake. Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote mle ndani bali ametuzidi sote kwa umri na kwa maneno, hushona kola. Mimi niko mwisho kabisa, dirishani, kwenye vifungo. Wananiita Mwanafunzi. Nikikosea tundu la kifungo husema, "Hilo, Mwanafunzi, utalirudia darasani."

Watu hawa wana tabia moja. Wakizungumzia tamthilia hawasemi ni tamthilia. Wahusika wote huwa jamaa zao. Walipokuwa wanatazama ile ya ndugu wawili waliogombea shamba, Shangazi alinuna siku nzima kwa ajili ya kaka mkubwa. Lakini ile niliijua, maana ilionyeshwa Jumapili mchana. Sikujua kwamba imekwisha na nyingine imeanza, kila jioni saa moja na nusu, saa ambayo mimi niko darasani napambana na kugawanya kwa tarakimu mbili.

Jumatatu moja asubuhi Mpiga Pasi alikuwa ananyunyiza maji kwenye shati, akasema, "Jamani, bibi harusi wetu kalazwa. Hajitambui. Mama mkwe kamtilia kitu kwenye chai."

"Mama mkwe anaonewa," Shangazi akasema. "Yule binti aliingia kwenye ile nyumba na mdomo. Siku ya kwanza tu kahamisha makochi."

"Kwa hiyo mtu akihamisha makochi auawe?"

"Sijasema auawe. Nimesema asihamishe makochi."

"Mimi anayenishangaza ni mume," Mkataji akadakia bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Mke yuko hoi kitandani, yeye kasimama anatazama nje dirishani. Mimi mke wangu akipiga chafya tu, sijui pa kuweka miguu."

"Wewe mkeo akipiga chafya unauliza chakula kinaiva saa ngapi," Shangazi akamjibu.

Wakacheka. Mkataji akabadili mada haraka. "Na lile gauni lake la harusi, mliliona bega? Mshono umevuta upande mmoja. Watu wana nyumba ya ghorofa, wanakosaje fundi?"

Nikadhani wote walialikwa harusini. Nikasikitika kidogo kwamba mimi sikualikwa.

Nilitamani kuuliza ni binti wa nani. Lakini mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nimemwahidi Mungu kwamba nitaacha kudadisi mambo ya watu, na ahadi ile ilikuwa imenigharimu. Nikajiambia: kuuliza ni umbea, kuombea ni wajibu. Wakati wa mapumziko nikatoa daftari la kijani nikaandika: *Bibi harusi. Amelazwa, hajitambui. Alitiliwa kitu kwenye chai na mama mkwe. Mume wake anatazama dirishani.*

Kikundi chetu hukutana Jumatano saa kumi alasiri, sebuleni kwa Mama Mwenyekiti. Ni sebule safi, viti vimepangwa ukutani, na televisheni imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kina maua manne. Yeye husema kile chombo ni cha taarifa ya habari tu, na baada ya habari kinalala. Kuhusu tamthilia ana msemo wake: "Nyumba yangu ina machozi ya kutosha, siagizi mengine."

Nilisoma maombi yote ya wiki ile kwa sauti, nikifuata kwa kidole. Nilipofika kwa bibi harusi, kina mama waliguna kwa huruma. Mama Mapacha, ambaye ana moyo mwepesi kama karatasi, alianza kulia papo hapo. Mama Mwenyekiti alinitazama, akafumba macho.

"Bwana," akaomba, "umguse na huyu binti aliyenyweshwa maziwa yenye sumu na mkono uliopaswa kumlea."

Mimi nilikuwa nimeandika chai. Nikafikiri ulimi umeteleza, hutokea. Nikasema amina kwa nguvu.

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi nilitega sikio kazini, si kwa umbea, Mungu ni shahidi, bali kwa ajili ya daftari. Niliongeza kwamba daktari wake ni msichana anayevaa viatu virefu wodini. Niliongeza kwamba siku tisa hajitambui lakini rangi ya mdomo haijafutika, jambo ambalo Mpiga Pasi alilisema kwa dharau na mimi nikaliandika kama muujiza. Mama Mapacha alifunga siku mbili.

Jumatano ya pili alisimama akasema, "Kuomba tumeomba. Sasa twende tukamwone. Tununue matunda, tuvae kanga zetu za kikundi, tumshike mkono."

Wote wakaafiki, isipokuwa Mama Mwenyekiti, aliyepatwa na kikohozi.

"Tusiharakishe," alisema alipopata pumzi. "Wagonjwa wa namna hiyo hawaruhusiwi kuona watu."

"Hata wa maombi?"

"Hao ndio wa kwanza kukatazwa. Wana sauti."

Lakini Mama Mapacha hakukubali, na kazi ya kuuliza hospitali na wodi nikapewa mimi mwenye daftari.

Kesho yake asubuhi nilisubiri cherehani zinyamaze. Nikasimama na kalamu yangu. "Samahanini jamani. Najua si vizuri kudadisi. Yule bibi harusi amelazwa hospitali gani, na wodi namba ngapi?"

Mkasi wa Mkataji ulisimama katikati ya kitambaa.

"Wodi?" Mpiga Pasi akauliza.

"Kikundi chetu kinataka kwenda kumwona. Tumemwombea wiki mbili."

Kwanza hawakucheka. Walitazamana, kila mmoja akimwachia mwenzake mzigo. Kisha Shangazi akaweka kola chini, akaja mpaka kwangu na kunishika bega kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Mwanafunzi," akasema, "mdogo wangu, yule binti hana wodi. Anaishi kwenye televisheni."

Ndipo walipocheka. Mpiga Pasi alikaa sakafuni. Mkataji alijifuta machozi kwa kipande cha mfuko wa suruali, akasema, "Mkienda mumpelekee na mume wake kiti, amesimama pale dirishani tangu wiki ya juzi!"

"Na mama mkwe je, mmemwombea?" Shangazi akauliza. "Au mmeombea upande mmoja tu?"

Mimi sikucheka. Nilifungua daftari kwenye ule ukurasa, nikasoma nilichokiandika. "Lakini ulisema chai," nikamwambia Mpiga Pasi, kana kwamba neno hilo lingeweza kuniokoa.

"Chai?" Mkataji akageuka. "Chai ya wapi? Yalikuwa maziwa. Bilauri nzima ya maziwa, kaletewa kwenye sinia."

"Ilikuwa chai!" Mpiga Pasi akasisitiza.

"Maziwa," Shangazi akaamua. "Wewe ulikuwa jikoni unakaanga, ulisikia kwa mbali. Sisi tuliokaa mbele tuliyaona kwa macho yetu. Tena yalimwagika kidogo kwenye kitambaa cha sinia."

Nikarudi kwenye vifungo vyangu. Nilishona shati zima kwa vifungo vya suruali kabla sijagundua.

Siku zile zilikuwa ndefu. Darasani mwalimu aliniita ubaoni nikasahau hata jinsi ya kuandika saba. Sikuogopa kuchekwa, kwa hilo nimezoea, anayeanza shule akiwa na wajukuu anachekwa mpaka anasikia raha. Nililiogopea daftari. Nilipiga magoti nikamwambia Mungu ukweli: Bwana, sijawahi kuaminiwa kutunza kitu kilichoandikwa, hiki ni cha kwanza, na nimekijaza porojo kwa mwandiko mzuri. Ningeweza kusema mgonjwa amehamishwa mji. Ningeweza hata kusema amepona. Lakini anayetunza daftari la maombi hawezi kulifuta kosa kwa uongo. Nikiwa bado magotini, katikati ya sala, nikakumbuka maziwa.

Jumatano ya tatu nilifika mapema. Kina mama wakaja na kanga zao za kikundi, na Mama Mapacha alibeba kapu la machungwa. Kabla ya wimbo nikasimama.

"Naomba msamaha," nikasema. "Bibi harusi si mtu. Ni wa kwenye tamthilia. Nilisikia kazini, sikuuliza, nikaandika. Kosa ni langu, si la mtu mwingine."

Kisha Mama Mapacha akalitua kapu kwa kishindo. "Nimefunga siku mbili!" akasema. "Mume wangu kaniuliza unafunga kwa ajili ya nani, nikamwambia kwa ajili ya binti wa watu! Kumbe binti wa watu yuko kwenye kioo, kapaka na rangi ya mdomo!"

Wengine wakaanza kucheka kwa kujificha kwenye kanga. Mama Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa amekaa wima kuliko kawaida, macho yake juu ya ukuta.

"Nilisema daftari hili halipokei uvumi," akasema. "Mnakumbuka nilisema." Akanyoosha mkono.

Nikalishika lile jalada la kijani kwa mikono miwili. Mungu ni shahidi, sikuwa na nia mbaya. Au ilikuwepo, kidogo, kama chumvi.

"Nitalikabidhi, Mama Mwenyekiti," nikasema. "Ila kabla sijalikabidhi, nirekebishe kosa la pili, lisibaki kwa atakayenifuata. Mimi niliandika chai. Wanaotazama wanasema yalikuwa maziwa. Na wewe, siku ya kwanza kabisa, uliomba maziwa."

Kina mama wakageuka mmoja mmoja, wakaitazama televisheni. Kile kitambaa cheupe kilikuwa kimewekwa kwa haraka: maua yote manne yalielekea ukutani.

Mkono wa Mama Mwenyekiti ukabaki hewani. Ukashuka pole pole, ukakung'uta magoti yake ambayo hayakuwa na vumbi.

"Huanza mara tu baada ya habari," akasema hatimaye. "Mtu unakuwa bado hujanyanyuka."

"Kila siku?" Mama Mapacha akauliza.

"Miguu yangu ni mizito."

Kicheko kilichotoka pale kiliwafanya majirani wachungulie. Hata yeye mwenyewe alishindwa, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtetemeka. Alipojifunua aliniona bado nimesimama nimekumbatia daftari.

"Kaa chini," akaniambia. "Unakwenda nalo wapi? Kaa uandike."

Nikakaa. Nikatoa kalamu. "Niandike nini, Mama?"

"Futa chai, andika maziwa. Kosa la mwandishi lirekebishwe na mwandishi mwenyewe." Akafikiri kidogo. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Kisha yule binti mtoe. Jana amefumbua jicho la kushoto, ataamka. Andika mama mkwe. Yule mwanamke, mwanangu, ndiye anayehitaji maombi."

"Lakini si mtu kweli, Mama Mwenyekiti."

Alinitazama, kisha akawatazama kina mama wote waliopangana ukutani, nusu yao mama wakwe wa watu.

"Andika tu," akasema. "Mungu atajua wa kumpa."