Maji Baridi

Mama Pindo alikunja masweta mawili, soksi za sufu na blanketi dogo, akavisukumiza kikapuni na kuvifunika kwa kitambaa kilichobaki mezani. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa kuwa hapakuwa na suruali wala gauni lisilopita kwake kukunjwa pindo. Ila kanyagio la cherehani lilikuwa limemla magoti. Mkwewe, mke wa mwanawe, muuguzi, ndiye aliyemwonya, "Mama, magoti yako hayataki baridi."

Na sasa mkwe huyo huyo, siku yake pekee ya mapumziko, alimwalika wakatembelee maziwa ya maji baridi yaliyo ndani ya msitu wa pwani. Mama Pindo hakuhoji. Mtu anayekesha wodini husahau mengi, na mwaliko wa mkwe haurudishwi kama shati lisilotosha.

Kilichomuuma kilikuwa kingine. Usichanani alikuwa akilala chali juu ya bahari, masikio yamezama, dunia imenyamaza. Tangu magoti yaharibike, mawimbi yalimwangusha kabla hayajamfika kiunoni, akaacha. Ziwa halina mawimbi. Lingemfaa, kama si hiyo baridi. Basi, akajiambia, ataogelea kwa macho.

Njiani msituni mkwe alisimama kila mara kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Mama Pindo aliliona hilo, akapumzisha miguu, akanyamaza. Kuna wema ambao ukiutaja unauvunja.

Kisha miti ikaachana, na ziwa likawa mbele yao.

Nyuma ya kilima cha mchanga kilichoota msitu, bahari ilisikika ikinguruma, lakini hapa maji yalitulia kana kwamba hayajapata habari zake. Majani yaliyoanguka yalikuwa yameyapa rangi ya chai, na bado uliona mchanga chini. Maua ya yungiyungi yalifunguka kando kando. Mdiria wa bluu alijirusha kutoka tawini, akachoma maji, akatoka na samaki mdogo asiyezidi kidole.

"Jamani," Mama Pindo alinong'ona. "Vitu hivi viko hapa kila siku, na sisi tumekaa mjini tunatazama ukuta."

"Tuingie, Mama. Mlinzi wa msitu kasema hamna mamba, na huku ukingoni kina ni kifupi."

"Ingia wewe, mwanangu. Mimi nitakulindia viatu."

Mkwe alifunua kikapu kutafuta taulo. Akatoa sweta. Akatoa sweta la pili. Akatoa soksi.

"Mama, tunahama?"

"Si ulisema maji ni ya baridi?"

Mkwe alimtazama, kisha akakaa mchangani kwa kicheko. "Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, Mama. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni."

"Kwetu hayo ni maji matamu. Aliyewafundisha hakuwa na magoti."

"Kwa hiyo ulidhani nakuleta uugue, na bado ukaja?"

"Nilikuja na sweta."

Kicheko kilimwisha mkwe. Alimshika mkono, wakaingia pamoja.

Maji yalikuwa vuguvugu, kama ya beseni lililosahauliwa juani. Yalipomfika kiunoni, Mama Pindo alijilaza chali kama zamani. Miguu ikazama, kichwa kikafuata, akanywa funda zima. Alisimama akikohoa. Mwili umesahau, aliwaza. Nimechelewa.

"Hujasahau," mkwe alisema, kana kwamba amemsikia. "Baharini chumvi ilikuwa inakubeba. Haya hayana chumvi. Jilaze tena."

Alijilaza. Safari hii kiganja kilikuja chini ya mgongo wake, kiganja kilichozoea kugeuza wagonjwa bila kuwaumiza. Miguu ikaelea. Maji yakamfunika masikio, na dunia ikanyamaza. Juu yake matawi yalikutana, na katikati palikuwa na kipande cha anga ambacho mkasi wowote usingeweza kukikata vile.

"Utachoka," alisema baada ya muda, akiinua masikio kidogo kutoka majini, macho juu.

"Bado."

"Muongo."

"Bado, Mama."

Mkwe akaanza kutembea taratibu kufuata ukingo, akimsukuma mbele yake, akizikwepa yungiyungi. Walikwenda hivyo mpaka upande wa pili, mmoja akihesabu hatua zake mchangani, mwingine akitazama matawi yakipita.