Jibu la Jumapili

Aloyce alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha mbao pale Songea, na watu walimsifu kwa jambo moja: alijua kukaa na waliogombana mpaka wakanyanyuka wakiwa wanazungumza. Dereva na mkubwa wake wa kazi, mke na mume wa mtaa wa Mfaranyaki, ndugu waliogombea mpaka wa shamba la mahindi, wote walipita mikononi mwake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisikiliza, akauliza, akasikiliza tena.

Mwaka wa tisini na nne kiwanda kilipata mwekezaji, na kwanza kabisa ikaja orodha ya watu sitini na watatu wa kupunguzwa. Aloyce alikaa na meneja, Mhandisi Beda, siku tisa mfululizo. Hakugonga meza hata mara moja. Alichukua jina moja moja, akaeleza kazi ya mwenye jina, na kila jioni orodha ilikuwa fupi kuliko asubuhi. Alhamisi ya mwisho wa Agosti walikuwa wamefika arobaini na watano. Kati yao walikuwamo akina mama saba wa kitalu cha miche, na mafundi wanne wa kibanda cha kunoa misumeno.

“Nakuachia kundi moja,” Beda alisema. Alikuwa amechoka, hata chai yake hakuigusa. “Wanoaji au akina mama. Yote mawili siwezi, mwekezaji atanifukuza mimi.”

Mmoja wa wanoaji wale alikuwa Sipriani, mume wa Ludovika, na Ludovika ni mdogo wake Aloyce, tumbo moja. Aloyce na Sipriani waliajiriwa mwezi uleule, wakajenga mitaa ya jirani kule Lizaboni, wakasimamiana katika ndoa na misiba. Aloyce aliwaza yote hayo akiwa ameishika kalamu. Akawaza pia watu watasemaje mwenyekiti akimtetea shemeji yake na kuwaacha wanawake saba, wanne kati yao wajane. Hajui mpaka leo ni lipi lililokuwa zito zaidi, wajane au maneno ya watu. Alitia saini akina mama wabaki.

“Barua zinatoka Jumatatu,” Beda alisema. “Mpaka hapo, jina lisitoke humu ndani.”

Aloyce alikubali. Siku zote alikuwa mtu wa kushika neno lake.

Jumapili, baada ya misa, Sipriani alimwita aje amsaidie kupanga tanuri la tofali nyuma ya nyumba. Kiangazi kilikuwa kinaelekea ukingoni na alitaka achome kabla ya mvua. Binti zake walikuwa wamekua, alitaka kuwaongezea chumba. Aloyce alivua shati akawa anampa tofali mbichi, mbilimbili, na Sipriani anazipanga huku akieleza dirisha litakaa wapi na mlango utafungukia upande gani. Ludovika aliwaletea togwa. Jua lilikuwa kali na kazi ilikwenda vizuri.

Tanuri lilipofika kifuani, Sipriani alisimama akajifuta jasho.

“Shemeji, sisi wa kibanda cha kunoa tupo salama?”

Aloyce alikuwa na tofali mbili mikononi. Alizitazama.

“Vikao bado vinaendelea,” alisema.

“Basi sina wasiwasi, kama ni wewe uliyekaa humo,” Sipriani akajibu, akanyoosha mikono apokee tofali.

Jumatatu barua zilitoka. Pale getini watu walimzunguka Aloyce, wengine wakilia, wengine wakimshukuru kwa ishirini na watano aliowaokoa. Akina mama wa kitalu walimpelekea jogoo nyumbani. Sipriani alipita pembeni na kifurushi cha tupa zake chini ya kwapa, asitazame upande ule.

Siku ya tatu Adela, mkewe Aloyce, alimwambia, “Nenda. Unavyokaa, ndivyo inavyozidi kuwa mbaya.”

Alikwenda. Njiani alipanga maneno kama anavyoyapanga kabla ya kikao. Sipriani alikuwa amekaa barazani, akamvutia kiti.

“Kwa saini yako sikulaumu,” Sipriani alianza mwenyewe. “Hata mimi ningewabakiza wale akina mama. Lakini Jumapili nilikuuliza.”

“Nilikuwa nimekubali nisitoe majina.”

“Ungesema huwezi kuniambia. Ningeelewa, ningenyamaza. Wewe ukaendelea kunipa tofali.”

Aloyce akashika lile alilolizoea. “Basi tutafute njia, shemeji. Nieleze unataka nini, na mimi nione naweza nini.”

“Hapa si ofisini,” Sipriani alisema taratibu.

Yalifuata mengine. Wazee wa ukoo walikutana, jumuiya ya kanisani ikawakalisha, katekista Isidori akasali nao. Sipriani alihudhuria kote, akakubali kila aliloambiwa, akatoa mkono. “Yamekwisha,” alisema. Tangu siku hiyo hakumwita tena shemeji. Alimwita Mwenyekiti, kwa adabu kabisa, hata mbele ya watoto. Mvua za kwanza zilipoanza alihamia Nakapanya, kule Tunduru, kwa mjomba wake, pamoja na mke na binti zake.

Kiwanda hakikudumu. Mwaka wa tatu mwekezaji alifunga milango, na akina mama saba wakarudi nyumbani kama wengine, na Aloyce naye. Wakati huo ndipo alipopanda lori la Tunduru, siku nzima ya vumbi, bila maneno yoyote aliyoyapanga.

Walimpokea vizuri. Binti zake Sipriani walimwamkia shikamoo, kuku akachinjwa. Sipriani alimtembeza kwenye mikorosho yake michanga, wakazungumza habari za mvua. Waliporudi na kukaa mkekani, Aloyce alisema:

“Nilikudanganya siku ile. Haikuwa kwa sababu ya Beda. Niliogopa kuuona uso wako.”

Sipriani aliumega ugali bila kuula.

“Najua,” alisema. “Kula, Mwenyekiti. Chakula kinapoa.”

Kesho yake asubuhi Ludovika alimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa amekonda, na kanga yake ilikuwa na majivu ya jikoni.

“Kaka, mwaka wa kwanza alikuwa anakaa hapa akitazama malori,” alisema. “Alikuwa anangoja uje useme yale uliyoyasema jana.”

“Na sasa?”

“Sasa amezoea.”

Lori lilikuja limejaa magunia ya mpunga. Utingo akampisha Aloyce nafasi juu ya mzigo. Ludovika alimpa kikapu cha korosho za kumpelekea Adela, akamwomba amsalimie, kisha akageuka kurudi kabla lori halijaondoka, kwa kuwa alikuwa ameacha sufuria motoni.